Tomcat imehamishwa kutoka root kwenda akaunti yenye mipaka, na sasa mafaili makubwa yamegoma

#1 Karani_wa_Seva
Wakuu, habari zenu. Nimekabidhiwa seva ya ushirika mmoja wa akiba na mikopo ambayo kwa miaka mingi Tomcat yake (seva inayoendesha programu za wavuti za Java) ilikuwa ikiwashwa na root, akaunti yenye mamlaka yote kwenye Linux, kwa skripti iliyowekwa ndani ya /etc/rc.local. Mtangulizi wangu alishaondoka, na mkaguzi wa nje ameagiza kwamba programu ya wavuti isiendeshwe tena na root. Nikatengeneza akaunti ya mfumo iitwayo tomcat, isiyo na nenosiri na yenye /usr/sbin/nologin mahali pa sheli. Nikabadilisha umiliki wa /opt/tomcat, nikaandika faili la huduma la systemd (msimamizi wa huduma za Linux) kwa kufuata mfano wa kifurushi cha Debian, kisha nikaweka nginx, seva ya kupokea maombi ya wavuti, mbele ishike poti 443 na kupeleka maombi kwenye poti 8080.

Programu imewaka na watumishi wanaingia kama kawaida. Tatizo ni viambatisho. Barua ya ukurasa mmoja inapita, lakini mkataba wa mkopo ulioskaniwa, wenye megabaiti kadhaa, unakataliwa, na programu haisemi lolote zaidi ya "Imeshindikana kuhifadhi kiambatisho". Asubuhi malalamiko ni machache. Kuanzia saa nane mchana simu yangu haipumziki. Nikirudisha root, kila kitu kinapita. Naomba kujua pa kuangalia. Pia meneja ameniuliza swali ambalo nami nalileta kwenu: kwenye mashine inayofanya kazi hii moja tu, akaunti yenye mipaka inalinda nini hasa?

#2 Mchimba_Logi
Salama mkuu. Swali la meneja nawaachia wanafalsafa wa jukwaa. Mimi nashika la viambatisho. Programu nyingi za Java hupokea mafaili kwa maktaba ya Commons FileUpload, na maktaba hiyo ina kizingiti chake: faili lisilozidi baiti 10,240 hubaki kwenye RAM, na likizidi hapo huandikwa kwanza kwenye diski kama faili la muda, ndipo programu ilihamishie mahali pake. Tomcat huyaelekeza mafaili hayo ya muda kwenye saraka yake ya temp. Ikiwa temp bado ni mali ya root, faili dogo litapita bila kuigusa diski hiyo, na kubwa litakwama.

Endesha ls -ld (inaonyesha mmiliki na ruhusa) kwa temp, work na logs, utuletee majibu. Hata kama ulibadilisha umiliki kwa ukamilifu siku ya kwanza, ukiwasha Tomcat kwa mkono ukiwa root hata mara moja, itaacha mafaili ambayo akaunti ya tomcat haitaweza kuyaandika juu. Kwa kuwa umesema unairudisha root kila simu zinapozidi, bila shaka unayazalisha upya.

#3 BintiKilindini
Mchimba_Logi, maelezo yako ya maktaba ni sahihi, ila kizingiti cha kilobaiti 10 hakilingani na dalili. PDF ya ukurasa mmoja yenye nembo ya ofisi huzidi kilobaiti 10 bila taabu, na ya mwenzetu inapita.

Mimi naitilia shaka nginx. Bila mpangilio mwingine, nginx hukataa ombi lolote lenye mwili unaozidi megabaiti 1 na kurudisha jibu la 413 (ombi ni kubwa mno), na huo ndio mpaka unaotenganisha barua na mkataba ulioskaniwa. Ombi likiruhusiwa, mwili wake ukizidi nafasi ndogo iliyotengwa kwenye RAM huwekwa kwenye faili la muda, kwa Debian ndani ya /var/lib/nginx/body, kabla ya kupelekwa Tomcat. Karani, naomba jibu la swali moja: ukirudisha root, nginx inabaki mbele, au Tomcat inashika 443 yenyewe?

#4 Karani_wa_Seva
Asanteni kwa majibu ya haraka. Saraka za temp, work na logs zote ni za tomcat, zenye ruhusa 750. Ndani ya work nimekuta mafaili machache ya root, nimeyaondoa, na tatizo limebaki. Kwenye nginx nilishaweka client_max_body_size kuwa 20m, na sijaona 413 hata moja. Logi yake ya makosa ina onyo la mwili wa ombi kuandikwa kwenye faili la muda, lakini onyo hilo lipo hata kwa mafaili yaliyofika salama. Kuhusu swali la Dada Kilindini: nikirudisha root naizima nginx kabisa, kwa sababu skripti ya zamani inataka 443.

#5 BintiKilindini
Basi unabadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja na kukihukumu kimoja. Hatujui kama dawa ni root au ni kuondoka kwa nginx. Iache nginx mbele, kisha uiendeshe Tomcat ya 8080 kwa root usiku wakati ofisi imefungwa, uone.

#6 Hakimu_Mkaidi
Samahani kwa kuingilia, lakini mimi najibu swali la meneja, kwa sababu naliona limepita kama halikuulizwa. Mashine ni ya kazi moja. Kitu chenye thamani humo ni kanzidata ya wanachama, na nenosiri la kanzidata limo kwenye faili la mpangilio ambalo akaunti ya tomcat lazima ilisome, la sivyo programu haiwaki. Mvamizi akiiteka programu anakuwa tomcat, na tomcat anasoma salio la kila mwanachama. Kilichobaki kulindwa ni mfumo endeshi, ambao naweza kuusimika upya kabla ya chai ya saa nne. Huku ni kufunga banda la kuku kwa kufuli la benki wakati fedha ziko wazi sebuleni. Wizi wa Equifax wa mwaka 2017 ulipitia kasoro ya Apache Struts (maktaba ya programu za wavuti za Java), iliyosajiliwa kama CVE-2017-5638, na taarifa za watu wapatao milioni 147 ziliondoka. Nani anaweza kunieleza kwamba jina la akaunti iliyoendesha programu ile lingebadilisha hesabu hiyo?

#7 Mzee_wa_Terminali
Hakimu, hoja yako nusu ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayoipa nguvu ya kupotosha. Ni kweli kwamba akaunti yenye mipaka hailindi data ambayo programu yenyewe inaihitaji. Lakini tazama anachokipata mvamizi anapokuwa root: anasoma /etc/shadow yenye alama za manenosiri ya mfumo, anapachika moduli ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi), anachukua funguo za SSH za kila msimamizi aliyeziacha hapo, anafuta logi zinazoonyesha alivyoingia, na anasikiliza kila kinachopita kwenye kadi ya mtandao. Akiwa tomcat anabaki na uwezo wa programu moja, na nyayo zake zinabaki kwenye journald, logi ya mfumo, ambako hawezi kuzifuta. Unaposema utasimika mfumo upya kabla ya chai, unachukulia kwamba utajua umevamiwa. Aliye root ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote ya kuhakikisha hujui.

Nikumbushe pia chimbuko la tabia hii ya kuwasha kila kitu kwa root, kwa maana vijana wengi hawalijui. Poti zilizo chini ya 1024 ziliwekwa chini ya root tangu enzi za BSD. Toleo la 4.2BSD la mwaka 1983 lilileta rlogin na rsh, amri za kuingia na kuendesha kazi kwenye mashine nyingine, ambazo ziliamini kwamba ombi linalotoka kwenye poti ndogo limethibitishwa na msimamizi wa mashine ya upande wa pili. Imani hiyo ilikuwa na maana pale mashine za chuo zilipokuwa chache na wasimamizi wakifahamiana. Leo kila mtu ana root kwenye kompyuta yake ya mapajani, lakini mpaka wa 1024 umebaki, na kwa ajili ya poti 443 peke yake watu wanakabidhi mashine nzima kwa programu.

#8 Nuru_Afya
Naongeza upande wa mifumo ya afya, kwa kuwa DHIS2, inayotumika Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kukusanya takwimu za vituo, nayo huendeshwa juu ya Tomcat. Mwongozo wake wa usimikaji unaelekeza kutengeneza akaunti maalumu na unaonya waziwazi dhidi ya kuiendesha kwa root, na faili la dhis.conf lenye nenosiri la kanzidata linatakiwa lisomwe na akaunti hiyo tu.

Nilipokabidhiwa seva ya namna hiyo nilikuta akaunti maalumu ipo, ila ilikuwa inamiliki kila kitu, pamoja na mafaili ya programu yenyewe, na hapo ndipo wengi tunapoishia. Mwongozo wa usalama wa Tomcat unataka mafaili yawe ya root, kundi liwe tomcat lenye ruhusa ya kusoma tu, na akaunti ya tomcat imiliki logs, temp na work peke yake. Karani, ulipobadilisha umiliki wa /opt/tomcat yote, ulimpa mvamizi ruhusa ya kubadilisha programu ikabaki imebadilika hata baada ya kuzima na kuwasha. Hilo halihusiani na viambatisho, lakini mkaguzi wako akirudi na macho makali ataliona.

#9 Hakimu_Mkaidi
Mzee wa Terminali, nakubali la kufutwa kwa logi. Lakini Nuru_Afya anatusaidia kuona kwamba akaunti yenyewe huwa mapambo. Chukueni CVE-2016-1240. Vifurushi vya Tomcat 6, 7 na 8 vya Debian na jamaa zake vilikuwa na skripti ya kuwashia iliyoendeshwa na root, ambayo kila ikiwasha huduma ilibadilisha umiliki wa catalina.out, faili la logi la Tomcat, uwe wa tomcat. Saraka ya logi ni ya tomcat. Kwa hiyo aliyeingia kama tomcat alifuta catalina.out, akaweka mahali pake kiungo kinachoelekea kwenye faili la root, kisha akasubiri huduma iwashwe upya. Root mwenyewe, kwa mkono wake, akamkabidhi faili hilo. Akaunti yenye mipaka ilikuwepo, na haikusaidia.

#10 Mzee_wa_Terminali
Ilisaidia kwa kiasi cha kumlazimisha asubiri. Na kasoro hiyo haikuwa ya akaunti. Ilikuwa ya root kufanya kazi ndani ya saraka inayomilikiwa na mtu asiyeaminika. Kwa systemd skripti ya namna hiyo haihitajiki, kwa kuwa kubadilisha akaunti kunafanyika kabla programu haijaanza.

#11 Kijana_Kontena
Wakuu, mbona mnahangaika na mambo ya kale? Wekeni programu kwenye kontena (chumba kilichotengwa ndani ya mashine), mjadala wa root unakwisha. Tena Mzee, hata huyo tomcat wako mwenye mipaka si ngome: Januari 2022 ilitangazwa PwnKit, CVE-2021-4034, kasoro iliyokuwa ndani ya pkexec, amri ya kuendesha kazi kwa mamlaka ya mtumiaji mwingine, tangu 2009, na mtumiaji yeyote wa kawaida aliitumia kuwa root mara moja.

#12 Nuru_Afya
Kijana, ndani ya kontena lisilotenganishiwa namba za watumiaji, root wa kontena ana namba 0 ileile ya root wa mashine, na kilichobaki kuwatenganisha ni kuta za kerneli. Swali la nani anaendesha programu linahamia ndani ya kontena, halifutiki. Na kuhusu PwnKit, soma mfano wa faili la huduma la Debian ambao Karani anasema ameufuata: una mstari wa NoNewPrivileges. Mstari huo ukiwepo, programu zenye alama ya setuid (zinazoendeshwa kwa mamlaka ya mmiliki wa faili) kama pkexec hazimpi mwitaji mamlaka mapya, na mlango ule unafungwa hata kama kiraka hakijawekwa. Akaunti peke yake ni hatua moja. Ikiandamana na mistari hii ndipo inapokuwa kizuizi cha maana.

#13 Karani_wa_Seva
Mstari huo upo kwenye faili langu. Nikiri kwamba nilinakili mingine bila kuielewa yote, ukiwemo ProtectSystem=strict. Swali la pembeni: je, ningeweza kuiachia Tomcat ishike 443 bila nginx na bila root? Ikiwezekana, nitaondoa kipande kimoja kwenye uchunguzi, kama Dada Kilindini anavyotaka.

#14 Mzee_wa_Terminali
Inawezekana kwa njia kadhaa, na baadhi nakukataza. Usiipe programu ya java yenyewe uwezo wa kushika poti ndogo kwa amri ya setcap. Kwanza, kila mtumiaji wa mashine atakayeendesha java atapata uwezo huo. Pili, faili lenye uwezo wa namna hiyo huendeshwa katika hali ya tahadhari ambamo mfumo hupuuza njia za kutafutia maktaba zilizo jirani nalo, kwa hiyo java itakugomea kwamba haioni libjli.so, na utatumia jioni nzima kuhariri /etc/ld.so.conf.d. Tatu, siku java itakaposasishwa, faili jipya litakuja bila uwezo huo na huduma haitawaka.

Njia safi ni mstari wa AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE kwenye faili la huduma. Huo unahitaji kerneli ya 4.3 au zaidi na systemd ya 229 au zaidi, ambazo Debian yoyote ya siku hizi inazo. Zamani tulitumia jsvc, inayoanza kama root, inafungua poti, kisha inajivua mamlaka. Wengine walitumia authbind, na wengine walielekeza 80 kwenda 8080 kwa iptables, halafu wakashangaa kwamba maombi yanayotoka ndani ya mashine yenyewe hayafiki, kwa kuwa hayapiti kwenye mnyororo wa PREROUTING, unaoshughulikia yanayoingia kutoka nje. Kerneli ya 4.11 nayo ilileta net.ipv4.ip_unprivileged_port_start, inayoushusha mpaka wa 1024 kwa watumiaji wote.

Lakini ukiondoa nginx, Tomcat itabidi isome ufunguo wa cheti. Kama cheti ni cha Let's Encrypt, saraka za live na archive zinafunguliwa na root tu, na utahitaji skripti ya kunakili ufunguo kila cheti kinapohuishwa. Kwa mtazamo wangu, iache nginx.

#15 Pembe_Tatu
Mjadala ni mtamu, ila mwenye uzi bado anapigiwa simu kila alasiri, na hakuna aliyemuuliza swali jepesi kuliko yote. Karani, endesha df -h, inayoonyesha nafasi ya diski.

Mfumo wa mafaili wa ext4, usipoambiwa vinginevyo wakati wa kuundwa, hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya root. Diski ikifika hapo, mtumiaji wa kawaida anaambiwa nafasi imekwisha, huku root akiendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea. Seva iliyoendeshwa na root kwa miaka mingi inaweza kuwa ilivuka mpaka huo zamani bila mtu kujua, na siku unapohamia akaunti ya kawaida ndipo unaonekana. Faili dogo linapenya kwenye masalio ya nafasi, kubwa linakosa.

#16 Mchimba_Logi
Pembe_Tatu, diski ikiwa imejaa, hata faili dogo lingegoma wakati wa kuhifadhiwa.

#17 Pembe_Tatu
Lingegoma kama imejaa kabisa. Nazungumzia diski inayopanda na kushuka karibu na mpaka: logi zinakua mchana kutwa, usiku zinakatwa na kubanwa, asubuhi kunakuwa na nafasi kidogo. Nadharia yenu ya temp na ya nginx haijaeleza kwa nini simu zinaanza saa nane.

#18 Karani_wa_Seva
Nimeendesha df -h sasa hivi, alasiri. Diski ina ukubwa wa 98G, zilizotumika ni 93G, zilizobaki ni 41M, na asilimia inasoma 100. Pembe_Tatu, nakupa heshima yako. Hata hivyo kuna jambo moja linanitatiza: viambatisho vyenyewe havihifadhiwi kwenye diski hii. Vinakwenda kwenye mashine ya hifadhi iliyo chumba cha pili, iliyounganishwa kwa NFS (njia ya kutumia mafaili ya mashine nyingine kupitia mtandao) kwenye /mnt/viambatisho, na kule kuna nafasi tele.

#19 BintiKilindini
Mkuu, NFS inatajwa kwenye bandiko la 18? Mficha uchi hazai. Jambo hilo lilipaswa kuwa kwenye mstari wa kwanza wa uzi huu.

Sasa nabadilisha mtuhumiwa. Mashine ya hifadhi inayotoa saraka kwa NFS, kwa kawaida haimwamini root wa mashine nyingine. Kwa mpangilio wa root_squash humgeuza kuwa nobody, mwenye namba 65534. Hata ulipokuwa root hapa, kule hukuwa root. Kila folda iliyotengenezwa enzi za skripti ya zamani ni mali ya 65534, na akaunti yako ya tomcat haina mamlaka juu yake. Halafu NFS ya kawaida hupeleka namba ya mtumiaji, haipeleki jina: kama tomcat wako ni 998 hapa, kule 998 inaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Ulifanyaje kubadilisha umiliki?

#20 Karani_wa_Seva
Kutoka kwenye mashine hii ilikataa, nikamwomba fundi wa hifadhi, naye akaifanya kule kwa kutumia namba 998. Nimemuuliza sasa hivi, anasema alibadilisha saraka ya juu peke yake, si vilivyomo ndani. Kila mwanachama ana folda yake ndani ya saraka hiyo.

#21 BintiKilindini
Hapo ndipo penyewe. Mwanachama mpya akisajiliwa, folda yake inatengenezwa na tomcat, na viambatisho vyake vinapita. Mwanachama wa zamani ana folda ya 65534, na viambatisho vyake vinakataliwa. Niambie: mikataba ya mikopo ni ya wanachama gani, na usajili wa wapya mnaufanya saa ngapi?

#22 Karani_wa_Seva
Usajili wa wapya ni asubuhi, na fomu zao ni ukurasa mmoja. Mikopo hushughulikiwa baada ya chakula cha mchana, na huwezi kukopa kabla hujawa mwanachama kwa muda, kwa hiyo wote ni wa zamani.

#23 Hakimu_Mkaidi
Nimesoma hadi hapa na ninaona faraja. Root alikuwa anafanya kazi vizuri miaka yote hiyo.

#24 Pembe_Tatu
Root alikuwa anakula akiba ya diski miaka yote hiyo, Hakimu, na siku akiba hiyo nayo ingeisha, mashine ingesimama. Dada Kilindini ameeleza asubuhi na alasiri kwa ustadi, lakini nami nimeeleza hayohayo, na nina 41M za kuonyesha. Faili likizidi kizingiti cha Mchimba_Logi linapita kwanza kwenye temp, na temp ipo kwenye diski iliyojaa, bila kujali mwisho wake ni NFS. Nginx nayo inaandika mwili wa ombi kwenye diski hiyohiyo ikiwa www-data, ambaye pia hana haki ya ile asilimia 5.

#25 Nuru_Afya
Msimsahau ProtectSystem=strict, unaofanya mfumo wote wa mafaili uwe wa kusomwa tu kwa huduma hiyo, isipokuwa saraka zilizotajwa kwenye ReadWritePaths. Ruhusa zinaweza kuwa sahihi kabisa kwa ls na bado uandishi ukakataliwa.

Uzuri ni kwamba kerneli haichanganyi mambo haya matatu. Ruhusa ikikosekana inasema "Permission denied", ulinzi wa systemd ukizuia inasema "Read-only file system", na nafasi ikiisha inasema "No space left on device". Ni programu yenu ya ofisi inayomeza jibu la kerneli na kutoa sentensi moja kwa makosa yote. Mpite pembeni kwa strace, inayoonyesha programu inachoiomba kerneli na jibu inalopata: ukiwa root, endesha strace -f -e trace=openat,write,mkdir -p pamoja na namba ya mchakato wa java, mtumishi mmoja apakie mkataba, na usome mistari yenye alama ya kosa.

#26 Karani_wa_Seva
Nimefanya hivyo, na matokeo yamenichanganya zaidi. Kwa mkataba wa kwanza, faili la muda ndani ya /opt/tomcat/temp, lenye jina linaloanza na upload_, lilifunguliwa vizuri, likaandikwa kidogo, kisha likapata ENOSPC (nafasi imekwisha). Kwa mkataba wa pili, uliofuata muda mfupi baadaye, temp ilipita bila kosa, lakini kufungua faili ndani ya folda ya mwanachama kwenye /mnt/viambatisho kulirudisha EACCES (ruhusa imekosekana). EROFS, ile ya mfumo wa kusomwa tu, sijaiona popote, na saraka zote mbili nimezikuta kwenye ReadWritePaths.

#27 Mchimba_Logi
Kwa hiyo Pembe_Tatu na BintiKilindini kila mmoja ana mstari wake wa strace, na mimi ambaye temp yangu ilidharauliwa tangu bandiko la 3 naomba ikumbukwe kwamba ndimo kosa moja lilimotokea.

Tusiridhike upesi lakini. Karani, usirekebishe chochote bado. Pakia faili dogo, la kilobaiti chache, kwa mwanachama wa zamani, kisha faili kubwa kwa mwanachama aliyesajiliwa wiki hii. Dogo la mzee likigoma na kubwa la mpya likapita, ni folda za NFS. Ikiwa kinyume chake, ni diski. Yakigoma yote mawili, mnazo shida mbili.

#28 BintiKilindini
Na ukiyapima, iache nginx mbele mara zote mbili.

#29 Pembe_Tatu
Jaribio hilo lifanyike saa tisa alasiri na df iendeshwe dakika hiyohiyo. Likifanywa asubuhi, baada ya logi kukatwa, kubwa la mwanachama mpya litapita kwa sababu kuna nafasi, na Dada Kilindini atajitangazia ushindi ambao hajaupata.

#30 Karani_wa_Seva
Nimewaelewa. Nitalifanya kesho saa tisa, nginx ikiwa mbele, na nitaleta df pamoja na mistari ya strace ya mafaili yote mawili. Fundi wa hifadhi ananiuliza kama abadilishe umiliki wa folda zote usiku huu, nimemwambia asubiri.